Kete ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya historia. Bango limewaka! FUNDI BINGWA WA VYOTE, herufi nyekundu, ukingo wa kijani, taa ndogondogo zisizo na idadi. Linaonekana mpaka kona ya duka la dawa. Tena lina jicho lake: giza likianza kuingia linawaka lenyewe, asubuhi linalala. Fundi mwenye bango la namna hii hawezi kuendelea kuletewa pasi na birika tu. Sasa nangoja mafriji. Nangoja, Mungu akipenda, lifti.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Waya unaotoka kwenye adapta kwenda nje ulikuwa na kinundu cheusi, kama nyoka aliyemeza yai. Tundu nililotoboa ukutani linamtosha nyoka, yai halipiti. Kulipanua siwezi, maana keekee ya jirani imenivunjikia mkononi na jirani hajajua bado. Nikakaa nikafikiri. Kinundu kinafanya kazi gani? Hakiwaki, hakizunguki, hakina swichi. Pambo tu! Nikakata waya huku, nikakata na huku, nikaunga, nikafunga utepe. Ukapita kama uzi kwenye sindano.

Ndani ya plastiki ya kile kinundu mlikuwa na pete nene nyeusi, nzito, laini kama kokoto la mtoni. Sikuitupa. Baba mkwe, anayeishi nasi tangu mama mkwe atutoke, ana drafti yake ya siku nyingi iliyopungukiwa kete moja nyeusi. Pengo tumekuwa tukiliziba kwa kizibo cha soda, naye hakipendi kwa sababu feni ikiwaka kinacheza chenyewe bila zamu. Nikamwekea pete. Akaipima kiganjani, akasema hiyo sasa ndiyo kete, ina uzito wa mtu mzima. Kisha akanifunga mara tatu. Ile ya kwanza nilimwachia.

Nampenda mzee huyu, niandike wazi. Tangu aje, mke wangu anacheka jikoni. Halafu ndiye binadamu pekee anayesikiliza mipango yangu hadi mwisho. Wengine huinuka nikifika "pili".

Redio yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo jioni. Betri hizo.

Jumanne, 4 Machi

Si betri. Nimeweka mpya na mambo ni yale yale. Mchana redio safi kabisa. Giza likianza kuingia, kishindo! Kama mtu anakaanga mawe.

Jambo hili si dogo. Baba mkwe alikuwa mpeleka barua wa posta, na sasa kazi yake ni kusikiliza kipindi cha nyimbo za zamani kila jioni. Ameomba wapigiwe wimbo waliocheza yeye na mama mkwe siku ya harusi yao. Mtangazaji alimwambia kwa simu kwamba utapigwa wiki hii au ijayo, siku hakuitaja. Basi mzee hukaa na redio sikioni, asije akapitwa. Leo amesikia mawe tu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alisema kwa upole kwamba kama hali haitatengemaa hadi Jumapili, atakwenda kukaa kwa binti yake mkubwa, kule kumetulia.

Yaani kwa mwanyumba wangu! Huyo ni mume wa dada yake mke wangu, mwalimu wa fizikia. Mtaani kwao wanamwita Bwana Kanuni. Hawezi kumimina maji kwenye glasi bila kutaja sababu ya maji kushuka. Ana gari, ana zulia, na mzee akienda huko harudi. Mke wangu aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Nikapiga moyo konde, nikaanza uchunguzi. Ukuta wetu wa kushoto ni wa fundi cherehani, na cherehani yake ni ya umeme. Nani mwingine? Mtaa mzima unaumia masikio, mwenyewe anashona na kuimba. Nyani haoni kundule! Nilimwendea na mpango. Nikamwambia nimesikia harufu ya kuungua kwenye mota yake, nitamkagulia bure, ujirani tu. Akashukuru mno, akanisaidia hata kuibeba.

Jioni cherehani ilikuwa vipande vipande mezani kwangu na redio iliendelea kukaanga mawe. Hivyo si yeye. Nimeirudishia vyuma vyake, zimebaki skrubu tatu tu. Inashona vizuri, ila inashona kurudi nyuma. Maneno aliyonipa siyaandiki, mengine yalihusu malezi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemeza mate machungu, nimempigia simu Bwana Kanuni. Sikumwambia kwamba mzee anataka kuhamia kwake, asije akafurahi mapema. Nilimwuliza tu, kitaalamu, kelele za redio dawa yake nini.

Akasema ni feraiti. Akaeleza kwamba ni unga wa chuma uliochomwa kama chungu, mgumu, mweusi, wenye umbo la pete. Waya ukipita katikati ya pete, umeme wa kazi unapita salama, lakini ule mtetemo wa kelele unanaswa humo na kugeuka joto kidogo ambalo hata mkono hausikii. Hapo kwenye "pete nyeusi" niliacha kusikiliza, nilikwisha kupata mpango. Aliendelea kusema kitu kuhusu sumaku za aina mbili, moja inaweka kinyongo na nyingine haiweki. Pia aliuliza kama nyumbani kuna chombo kipya cha umeme. Nikamjibu hakuna, ni bango tu, nalo halina sauti. Kabla hajasema neno nikamuaga, nikakata simu.

Pete nyeusi! Ninazo tele! Kila spika mbovu ina pete nyeusi mgongoni. Nilivunja spika zote za stoo, nikapata pete saba nzuri, kubwa, zenye sumaku kali. Kama ndogo inanasa kelele kidogo, kubwa itanasa hata ya mtaa wa pili.

Mtuhumiwa wa leo: kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine mpya inayonguruma. Nilimwambia nimemletea kinga ya mashine. Nikavalisha waya wake pete zote saba, karibu kabisa na mkono. Mashine ikaruka ikang'ang'ania kiti cha chuma. Tukaivuta sote wawili. Ilipobanduka ikabeba mkasi, vibanio vyote, na wembe uliokuwa mezani ukinisubiri mimi. Kidole kilichobanwa baina ya pete mbili ni cha kinyozi. Nilitoka mkuku.

Jioni, mawe kama kawaida. Mzee alijaribu kusikia, akazima redio, akapanga kete. Amenifunga. Ile pete niliyompa anaiweka nyuma kabisa, hataki iliwe.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekaribia ushindi. Niliwaza hivi: kwa nini kuhangaika na majirani wasio na shukrani? Nianzie kwa mgonjwa mwenyewe. Mzee alipokwenda kutembea nikaifungua redio yake. Redio si fani yangu hasa, mimi ni wa pasi, feni na birika, lakini bango linasema vyote.

Humo ndani nilikuta nini? Fimbo nyeusi, ndefu kama kidole cha kati, imezungushiwa nyaya nyembamba kama nywele. Feraiti ile ile! Nikaelewa papo hapo. Kama feraiti hunasa kelele, basi hii imekuwa ikizinasa miaka yote na sasa imejaa pomoni. Nikaing'oa.

Kelele zikakoma kabisa! Nilipiga kofi la furaha. Nikazungusha kitafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho ili nimsikie mtangazaji. Kimya. Nikazungusha tena. Stesheni nazo zimekoma.

Baba mkwe alirudi akanikuta na redio yake tumbo wazi. Alikaa karibu yangu, akashika fimbo kwa vidole viwili, akauliza kama hilo si sikio la redio. Nikamjibu kwamba kwa lugha ya kitaalamu linaitwa hivyo pia. Tukairudisha pamoja, yeye akinimulikia na mimi nikichomelea zile nywele. Stesheni zikarudi. Mawe nayo yakarudi, yamekosa adabu kuliko jana. Mzee alisema kitu kimoja cha ajabu: akiigeuza redio itazame jikoni, mawe yanapungua. Uzee huo. Sikutaka kumvunja moyo.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI! Mtaa mzima ujue!

Mpango ulinijia nikiwa naoga. Bwana Kanuni alisema kelele hizi husafiri hewani. Hewa inaingia wapi? Dirishani. Nilichukua blanketi, nikaliloweka, nikalitundika dirisha zima la chumba cha mzee. Kabla ya saa moja jioni nilimkalisha, nikawasha redio. Safi! Hata mtangazaji akimeza mate unamsikia. Nyimbo tatu mfululizo, mzee anatikisa mguu, mke wangu kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Wimbo wao haukupigwa, lakini kila mmoja alifurahi. Mzee alinishika bega, akaniita mwanangu. Nimefurahi mpaka nimemwagia soksi chai.

Kasoro moja tu. Umeme ulikatika mtaa mzima tangu saa kumi na mbili na nusu hadi kipindi kikaisha, hivyo bango langu halikuwaka usiku wa ushindi wenyewe. Ningetaka watu waone ushindi umetoka nyumba gani. Hata hivyo niliwapitia mlango hadi mlango na mshumaa, nikawaeleza kuhusu blanketi. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza cherehani yake itaanza lini kwenda mbele.

Blanketi lenyewe lilikuwa la mzee. Amelalia koti.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Umeme umerudi, blanketi lipo pale pale, nimelilowesha upya mara mbili, na mawe yamekaanga kipindi chote. Majirani watatu waliokuja kuona maajabu ya blanketi wameondoka wakicheka. Mmoja alisema debe tupu haliachi kuvuma. Bango langu lilikuwa likiwaka juu ya vichwa vyao, zuri, wala hawakulitazama.

Mzee amepanga begi lake. Nguo chache, viatu vya kazi, picha ya mama mkwe ameifunga ndani ya fulana. Amempigia Bwana Kanuni aje kesho na gari. Drafti ameiacha mezani, akasema nibaki nayo niwe nafanya mazoezi. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mita.

Jumapili, 9 Machi

Mambo mengi. Nianze taratibu.

Bwana Kanuni amefika jioni, redio ikiwa imeanza vituko vyake. Hakuligusa begi. Alisimama akasikiliza, akaomba ashike redio. Akaanza kuigeuza polepole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ikafika mahali mawe yakanywea. Mzee akasema hapo hapo, ndipo nilipokuwa nikisema. Bwana Kanuni akaeleza kwamba ile fimbo ya ndani husikia ubavuni, nchani ni kiziwi. Mawe yakinywea, ncha zake zimemwelekea mwenye kelele. Ncha moja ilielekea jikoni. Ya pili ilielekea chumba cha mbele, ambacho ni karakana yangu. Nikasema basi ni jikoni. Mke wangu akatoka jikoni akanitazama, nikafuta kauli.

Baba mkwe akaichukua redio. Mtu aliyepeleka barua maisha yake yote hawezi kukaa wakati kuna mzigo wa kufikishwa. Akatoka nayo barabarani, sisi nyuma. Tulipopita kwa fundi cherehani mawe yalipungua, naye akajiunga na msafara. Kwa kinyozi yalipungua zaidi. Kinyozi akajiunga, kidole kimefungwa kitambaa. Nilishauri twende mpaka duka la dawa. Mzee aligeuka akarudi alikotoka, na kila hatua redio ilizidi kupayuka. Chini ya bango langu ikapiga yowe.

Mzee akasema barua imefika kwa mwenyewe. Fundi cherehani akasema nyani haoni kundule. Iliniuma, maana msemo huo nilianza kuutumia mimi.

Nilijitetea. Nikasema bango halina mota, halina spika, linawaka tu kwa amani. Bwana Kanuni akaingia ndani akachomoa plagi. Kimya, na mtangazaji huyo hapo, kama yuko kibarazani. Akachomeka: mawe. Akachomoa. Akachomeka. Nikamwambia inatosha, tumeelewa. Ndipo akaushika waya, akaupapasa, akauliza kinundu chake kiko wapi. Nikauliza kinundu gani. Akautazama utepe. Watu wote wakautazama utepe.

Baba mkwe akaingia ndani bila haraka, akarudi na kete yake ya kumi na mbili kiganjani.

Kumbe hiyo ndiyo feraiti yenyewe! Bwana Kanuni akafungua maungio yangu, akaupitisha waya tunduni mwa pete mara mbili, akaunga tena. Nilitaka kumsaidia kwa kupitisha uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili za waya ili asichoke, akasema zote mbili kwa pamoja au isiwe kitu. Akaiacha pete ndani, jirani na adapta, mahali ambapo haina haja ya kupita ukutani hata kidogo. Mke wangu akamwuliza jiwe hili lina nini ambacho pete zangu za spika hazina. Akamweleza kwamba zile ni sumaku zenye kinyongo, zikishika hazisahau. Hii haina kinyongo, inageuzwa huku na huku na kusahau papo hapo, ndiyo maana inaweza kumaliza kelele. Mke wangu akasema anayo nyumbani moja ya aina hiyo, lakini yake ndiyo inayoleta kelele. Watu wakacheka. Mimi pia, ingawa sijui anazungumzia chombo gani.

Plagi ikachomekwa. Bango likawaka. Redio ikabaki na uvumi mdogo tu, kama mbu wa chumba cha pili.

Na hapo ndipo mtangazaji akasema. Alisema kuna mzee wa posta aliyestaafu, anaomba wimbo huu kwa ajili ya marehemu mke wake, ambaye alikuwa akicheza hata akiwa anapika. Gitaa likaanza. Baba mkwe alikuwa amesimama chini ya taa nyekundu na kijani, redio kaikumbatia. Mguu wake mmoja ukawa unatafuta hatua za zamani, ukazipata. Mke wangu akamshika mkono. Nililia, naandika bila aibu. Kinyozi naye alilia, akadai ni nywele zimemwingia machoni.

Wimbo ulipokwisha Bwana Kanuni akaliendea begi. Mzee akamwambia aliache. Akasema kule kwake kumetulia sawa, lakini Bwana Kanuni humfunga kwenye drafti, na mtu wa umri wake anahitaji kulala na furaha. Nilijisikia kuheshimiwa sana. Baadaye mke wangu amenieleza maana yake. Bado nimefurahi.

Tumecheza kwa kizibo cha soda. Kanifunga.

Jumatano, 12 Machi

Siku tulivu, nyumba ina raha. Cherehani inakwenda mbele, ila ukishona kona tu ndiyo inasita. Mzee anaimba bafuni. Tatizo ni kile kizibo. Feni imekipeleka tena upande wangu, mzee akadai kimekamatwa kwa hila.

Lakini leo habari kubwa ni nyingine. Umati ule wa Jumapili chini ya bango umenifungua macho. Wote walisimama pale, wote walitazama juu! Na jana mmoja wao ameleta birika. Je, yakiwa mabango mawili? Nimekwisha kulipata la pili, la ukuta wa upande wa duka la dawa. Hili ni kubwa, rangi saba, na linapepesa.

Kikwazo kimoja tu. Waya wake una kinundu kikubwa kuliko kile cha kwanza, na tundu nililotoboa ni saizi ile ile. Nilikumbuka kwamba Bwana Kanuni aliwahi kusema jambo kuhusu vinundu. Lilikuwa jambo zuri, lilihusu chungu na kinyongo. Nimekata huku, nimekata na huku, nimefunga utepe. Ukapita kama uzi kwenye sindano.

Sasa sikiliza bahati! Ndani yake mna pete nyeusi, nzito, nzuri kupindukia. Nimeipeleka mbio kwa baba mkwe, nikaiweka ubaoni, nikakitupa kizibo dirishani. Kete kumi na mbili zimetimia! Mzee aliipima kiganjani muda mrefu. Alinitazama, akaitazama tena, akasema haidhuru, Bwana Kanuni tutampigia kesho, leo tucheze kwanza.

Giza limeanza kuingia. Mabango yote mawili yamewaka, la pili linapepesa kama harusi. Redio imeanza kukaanga mawe, safari hii yanaruka kwa mdundo. Nimemwambia mzee asiwe na wasiwasi hata kidogo. Mbaya wetu nimekwisha kumjua. Kesho asubuhi naenda kuichukua ile cherehani.